Madawati Yaliyosafiri na Mwenyekiti

Mimi si mtu wa kuficha nilikotoka wala nilikofika. Niliondoka nchini na begi moja la mgongoni kwenda Ghuba kuosha vyoo vya hoteli, nikarudi na diploma ya umeme. Diploma hiyo sikupewa na mjomba. Niliisomea jioni baada ya zamu, miguu imevimba, wenzangu wa chumbani wakicheza karata na kunicheka. Leo nina nyumba yangu Komarock, lango lake la chuma nimelichora mwenyewe, na nina duka la vifaa vya umeme Donholm. Ukiona ghorofa mpya pande hizo na taa zake hazipepesi, uliza nani alitandaza nyaya. Huenda ukaelekezwa kwangu.

Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa aina gani aliyesimama Jumapili moja katika ukumbi wa kanisa, Donholm, akawaambia wazee wa kwao kwamba wanawapenda wafu kuliko watoto.

Chama chetu ni cha watu wa kijiji kimoja cha magharibi wanaoishi Eastlands. Wengi wao baba zao walikuja kufanya kazi reli na baraza la jiji, wakabaki. Kazi ya chama ilikuwa moja tu: mmoja wetu akifa Nairobi, afike nyumbani. Tuna lori letu kuukuu lenye turubai la kijani. Tuna mahema, viti vya plastiki, na sufuria ambazo mtu mzima anaweza kuogea ndani. Msiba ukitokea hakuna anayeuliza afanye nini. Kuna wa kwenda chumba cha maiti, kuna wa kutafuta jeneza, kuna wa kupika chai kila jioni matangani. Nimefanya kazi na watu wa kila taifa, katika hoteli ambazo kijiko kikipotea meneja halali, na sijaona watu waliojipanga kama watu wa kwetu mtu akifa.

Akiwa hai ndiyo shida.

Shule yetu ya msingi kijijini ilikuwa ikiishia gredi ya sita. Mtoto akimaliza hapo ilimbidi avuke mto kwenda shule ya ng'ambo, na msimu wa mvua mto ule hauna urafiki na mtu. Binti mkubwa wa marehemu kaka yangu alivuka muhula mmoja, akaacha. Sasa anauza maandazi sokoni, mtoto mgongoni. Mdogo wake, naye binti, alikuwa gredi ya sita mwaka huo, kichwa chepesi kama changu. Alinipigia kwa simu ya mama yake.

"Baba mdogo, mwaka ujao mimi sivuki mto."

"Utasomea wapi?"

"Hapa hapa. Mama na wenzake wanajenga darasa."

"Na lisipokwisha?"

"Basi nitakaa nyumbani. Lakini mto sivuki."

Nilimwelewa. Ukaidi ule ni wa ukoo wetu, na ndio ulionitoa kwenye vyoo. Na ni kweli walikuwa wakijenga. Wazazi wenyewe, bila kumngoja mheshimiwa yeyote. Akina mama walibeba mchanga kutoka mtoni kwa makarai. Wanaume walifyatua matofali, wakayachoma. Fundi alilipwa kwa mahindi na kuku. Darasa likasimama, likapigwa bati. Afisa wa elimu akaja, akalizunguka, akalisifu, kisha akauliza watoto watakalia nini. Akasema atarudi siku ya kufungua shule. Akikuta watoto wameketi kwenye madawati, gredi ya saba itaanza. Akikuta chumba kitupu, watoto watapelekwa ng'ambo.

Kijiji kilikuwa kimemaliza nguvu zake kwenye kuta. Ndiyo maana nilisimama Donholm.

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mstaafu wa reli, aliyeishi Makadara katika mtaa uleule tangu ujana wake. Alikuwa na tabia ya kuvua miwani na kuifuta polepole kabla ya kumkata mtu kwa maneno. Akaivua.

"Majuu," akaniita. Wote huniita Majuu, kwa vile nimetoka majuu, nchi za nje, na sijawahi kulikataa jina hilo. "Chama hiki kilianzishwa tuzikane. Hakikuanzishwa tusomeshane."

"Mzee, watoto wale wasiposoma, sisi tutazikwa na nani?"

"Na wasiosoma. Kaburi halichimbwi kwa diploma."

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka, maana jibu zuri ni zuri hata likikuangukia wewe. Lakini sikuketi. Nikawaambia, hebu tufanye kama tumefiwa. Tuchukulie darasa lile liko chumba cha maiti linangoja safari. Kila mtu afanye kile anachofanya siku zote, aliyezoea kuzunguka nyumba kwa nyumba akichangisha azunguke, aliyezoea kupika chai apike chai.

"Usikiite kifo kwa mzaha," mwenyekiti akasema. "Kina masikio."

Mama mmoja wa kwaya akainuka, mwanamke ambaye hata mwenyekiti alimwogopa. "Majuu ana mdomo," akasema, "lakini leo hajasema uongo." Akina mama wakapiga makofi, na katika chama chetu makofi ya akina mama ndiyo kura.

Mwenyekiti akavaa miwani yake. "Sawa. Tengenezeni madawati yenu. Lakini lori la chama ni la wafu. Halitabeba mbao."

Kazi niliipeleka kwa fundi seremala wa Jogoo Road, mtu wa Murang'a mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope.

"Niaje, mdosi," akaniambia. "Hizi unataka za kukaliwa ama za kupigwa picha?"

"Za kukaliwa na wajukuu wa wajukuu."

"Basi achana na hiyo mbao mbichi unashika. Hiyo itajikunja kama chapo."

Mchoro ulikuwa wangu. Dawati la watoto wawili, kiti na meza vimeshikana, juu bapa kabisa bila mteremko, miguu imenyooka ili yakipangwa kwenye gari yasimame kama matofali ukutani. Fundi aliugeuza mchoro mara kadhaa, akasema, "Wewe umesoma, buda." Nikamwambia ndiyo, nimesoma.

Madawati yalikuwa yameshapakwa varnishi, yanakauka, mwenyekiti alipofariki. Alikunywa chai yake ya jioni, akalala, hakuamka. Wiki iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kufungua shule.

Chama kikasimama kama kinavyosimama siku zote. Jioni ya kwanza tu Makadara kulikuwa na hema, viti na chai. Mazishi yalipangwa Jumamosi. Nami nilikuwa na mazishi yangu mengine: mwenye lori nililokodi la kubeba madawati alinipigia kuniambia gia zimekufa na hajui lini zitafufuka. Nilitafuta lori jingine Komarock nzima na Kangundo Road yote. Ilikuwa Januari, watu wanahama nyumba, kila chenye magurudumu kina kazi. Likabaki lori moja tu.

Nilimfuata katibu wa chama, aliyekuwa karani wa baraza la jiji, mtu wa kupumua kwa utaratibu.

"Lori lina nafasi," nikamwambia.

"Lina jeneza."

"Jeneza moja halijazi lori."

"Majuu, marehemu alisema nini kuhusu mbao?"

"Na jeneza ni nini, katibu, kama si mbao?"

Akatoa ufunguo mfukoni, akanipa.

Nilipakia mwenyewe. Wengine huweka jeneza kwenye sakafu ya lori, wakalizungushia sufuria na nguzo za hema, na likifika nyumbani limekwaruzwa, limeteleza hadi mlangoni. Mimi niliyapanga madawati kutoka mbele hadi nyuma, bapa juu, yamebanana hata kidole hakipiti. Nikatandika blanketi mbili. Jeneza likalazwa juu, nikalifunga kwa kamba kama ninavyofunga nyaya, bila fundo la ziada. Barabara ile ina mashimo ya kumeza mbuzi. Jeneza halikusogea hata upana wa kucha. Wa Nairobi wote walioliona walinisifu. Mjane na wanawe walikuwa kwenye basi lililotangulia.

Tulifika kunapambazuka. Akina mama wa kijiji walitoka wakitupokea kwa kilio, kile kilio cha kwetu kinachoanzia barabarani na kusindikiza gari hadi uani. Nikafungua turubai.

Kilio kikakatika.

Nimesikia vilio vingi. Sijawahi kusikia kimoja kikikatika vile, kama umeme. Walikuwa hawalitazami jeneza. Walikuwa wanatazama kilicholibeba.

Kwetu kitu kilichombeba maiti hakirudi kwa watoto. Machela ya kale iliachwa nyuma ya nyumba ikaoza. Mkeka uliolaliwa na marehemu hutupwa. Mimi nilizaliwa pale, desturi hiyo naijua. Ila nilipokuwa Jogoo Road madawati yale sikuyaita machela. Niliyaita mzigo.

"Majuu," mzee mmoja jirani alisema, taratibu ili wote wasikie, "huko Arabuni maiti hulazwa juu ya madawati ya watoto?"

Nikamjibu kwamba huko Arabuni maiti hufika salama. Halikuwa jibu la kunisaidia.

Shemeji yangu, mama wa yule binti, alinivuta kando. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama magome ya mti.

"Shemeji, mchanga nimebeba kwa kichwa hiki," akasema. "Mvua imeninyeshea nikibeba. Lakini mwanangu hataandikia kwenye kitanda cha maiti."

"Atavuka mto basi?"

"Anasema havuki. Unamjua." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira. "Umetumaliza, shemeji."

Jumamosi tulimzika mwenyekiti kwa heshima zote. Umati ulikuwa mkubwa, viti vya plastiki havikutosha, na madawati yalikuwa pale pale kando ya hema, mapya, yanang'aa. Watu walisimama juani saa nzima ya hotuba. Hakuna aliyeegemea hata moja. Nilitoa hotuba yangu, nikaieleza diploma, nikaeleza kwamba varnishi haina maiti ndani yake. Nilisikilizwa vizuri sana. Hakuna aliyeketi.

Katibu akaninong'oneza, "Turudi nayo Nairobi. Tutaleta mengine baadaye."

"Afisa anakuja Jumatatu. Hakuna baadaye."

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui. Lakini lori halirudi na kitu."

Binti alinifuata nilipokuwa nimesimama nyuma ya jiko, mahali nilipojificha nisitazamwe.

"Baba mdogo, nimekalia moja. Sijafa."

"Nani amekuona?"

"Hakuna."

"Basi hujakaa."

Alininyanyulia nyusi, akaenda zake. Nami nikabaki na maneno yangu mwenyewe. Maana ndivyo ilivyokuwa: haikutosha mtu akalie. Ilibidi akalie mtu ambaye kijiji hakiwezi kumwambia inuka. Na mtu wa hivyo uani pale alikuwa mmoja tu.

Jumapili asubuhi niliingia nyumbani kwa mjane. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, akina mama wamemzunguka, kitambaa cheupe kichwani. Nilipiga magoti, mimi ambaye sikumpigia hata tajiri wa Ghuba.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya madawati."

"Hukuniuliza ulipokuwa unapakia."

"Sikukuuliza, mama."

"Unaniuliza leo kwa kuwa umekwama."

"Ndiyo, mama."

Mmoja wa akina mama alikohoa kuzuia kicheko. Mjane akauliza, "Alifika vipi?"

"Kama alivyoondoka. Hakuna mkwaruzo."

"Ndugu ya mume wangu alipoletwa na lori lile, alifika amelala ubavu," akasema. "Mume wangu hakuacha kuliongelea jambo hilo. Kila safari akilikumbuka." Akapangusa goti lake. "Alikuwa hayapendi madawati yako."

"Alisema lori lake halitabeba mbao."

"Siku ile alirudi nyumbani anacheka peke yake. Nikamuuliza, una nini? Akaniambia, yule Majuu ipo siku atakuwa mwenyekiti, Mungu akisaidie chama."

Nayaandika haya kwa sababu yalisemwa, na waliokuwa chumbani bado wako hai.

Kisha akawageukia wakaza wanawe. "Chakula changu kiko tayari?"

Siku inayofuata mazishi, kwetu, mjane hula mlo wake kamili wa kwanza. Kabla ya hapo ni uji tu. Huula nje, mbele ya watu, na akimwita mtu ale naye, hakatai. Kukataa ni kusema umefurahia kifo.

"Kiko tayari, mama."

"Osheni dawati moja. Mniwekee hapo uani."

Hakuna aliyesogea. Akarudia, safari hii kwa sauti aliyokuwa akimwitia mumewe kutoka ng'ambo ya reli, na wakaza wanawe wakakimbia na ndoo.

Alitoka taratibu, akapita katikati ya watu, akajiingiza kwenye dawati kama mwanafunzi aliyechelewa. Magoti yaligonga ubao. Wakamwekea ugali, kuku na mboga. Akanawa. Watu wote wamesimama, hata waliokuwa wakiondoka.

"Mume wangu alilala juu ya mbao hizi usiku kucha, hazikumwangusha," akasema. "Anayesema zina uchafu, anasema mume wangu ni uchafu. Aje aniambie nikiwa nakula." Akamega tonge. "Kiti hiki ni cha wawili. Nani atakula nami?"

Kungoja kule kulinichosha kuliko kupakia. Kisha shemeji yangu akatoka kwenye kundi. Alitembea kama mtu anayeingia mtoni bila kujua kina chake. Akanawa, akaketi, bega kwa bega na mjane, na viganja vile vigumu vikashuka kwenye sahani.

"Mmechelewa wapi?" mjane akawaita wengine. "Nitamaliza kuku huyu peke yangu?"

Mama mmoja akavuta dawati la pili. Mwingine la tatu. Baada ya muda ua mzima ulikuwa umejaa akina mama wameketi wawiliwawili, sahani mbele yao, wakisogeleana na kulalamika kwamba Majuu amepima kiti kwa makalio ya Waarabu. Yule mzee jirani aliyenikejeli akaja akisonya.

"Kama hili ni darasa, mimi ndiye mwalimu," akasema. "Nipeni paja la kuku."

"Mwalimu wa wapi, wewe uliyetoroka darasa la tatu!" mama mmoja akapaza sauti.

"Nilitoroka kwa sababu tulikuwa tunakalia mawe," akajibu, na akaketi.

Jua lilipopungua tuliyabeba. Dawati la kwanza nililibeba mimi, kichwani, kwa suti yangu ya Donholm, na sikuomba msaada hadi mlangoni mwa darasa. Nyuma yangu walikuja akina mama wakiimba, na walipofika waliyapanga wao wenyewe, kwa kuwa kuta zile ni zao na walijua lipi likae wapi.

Jumatatu afisa wa elimu alikuja kama alivyoahidi. Aliwakuta watoto wameketi, madaftari yamefunguliwa, hakuna mwalimu bado wa kuwafundisha ila wameketi. Alipitisha kiganja juu ya dawati la mbele, alipokuwa amekaa binti wa kaka yangu.

"Mbao nzuri," akasema. "Yameletwa na nani?"

Nilikuwa mlangoni. Nilikwishavuta pumzi ya kujibu.

"Yameletwa na mwenyekiti," binti akasema.

Afisa akaitikia kwa kichwa, akaandika. Gredi ya saba ikaanza siku hiyo, na mwalimu akaletwa kabla ya mwezi kwisha. Mimi pumzi yangu niliimeza. Ilikuwa kweli, na ni mara chache mtu kunishinda kwa ukweli.

Yaliyotokea baadaye Eastlands sikuyapanga, ingawa nimewahi kudai niliyapanga. Msiba uliofuata ulikuwa wa familia ya Komarock. Tulipokuwa matangani tukigawana kazi, mtoto wa marehemu akauliza, "Na madawati je?" Akaeleza kwamba baba yake hawezi kusafiri peke yake kama mtu asiye na watu. Tangu hapo imekuwa hivyo. Kila anayerudi nyumbani kwa lori letu hurudi na kitu cha shule chini yake, na kila mjane au mgane hula mlo wake wa kwanza juu ya dawati. Gredi ya nane ilipata madawati yake hivyo. Nami sasa ndiye mwenyekiti, sawasawa na alivyotabiri aliyenitangulia, na Mungu amekisaidia chama.

Juzi nilikaa na katibu, nikamwambia kuna jambo halijaniridhisha. Bado tunangoja mtu afe. Binti wa kaka yangu anaingia gredi ya tisa Januari, na sitaki kiti chake kitegemee jeneza la mtu yeyote.

Nikampigia fundi wa Jogoo Road. Alipoona namba yangu hakunisalimia.

"Pole sana, mdosi," akasema. "Nani tena?"

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Anza kukata mbao."